Kabla Hujamwita Msafishaji wa Dakti

Mwezi wa Oktoba, tanuri la gesi linapowashwa kwa mara ya kwanza baada ya kulala majira yote ya joto, nyumba nyingi za Buffalo, jimbo la New York, hujaa harufu ya vumbi linaloungua. Watu wetu wa Kiswahili waliohamia mji huo, na wale wa Columbus, Louisville au Chicago, huishtukia harufu hiyo kwa sababu hawakukulia katika nyumba ambazo hewa ya moto hutoka kwenye matundu ya sakafuni. Kwa kawaida si kitu cha kuogopesha. Ni vumbi lililotua juu ya chuma cha tanuri, linaungua na kwisha ndani ya saa chache. Lakini ni katika wiki hizohizo ndipo simu huanza kulia na vipeperushi kuchomekwa mlangoni: tutakusafishia dakti za nyumba nzima kwa dola 99, leo tu. Mama mwenye mtoto wa pumu akiunganisha harufu ile na simu hii, atazitoa fedha hizo hata kama ni za chakula.

Huyo ndiye ninayemwandikia. Sisemi kwamba dakti, zile njia za bati zinazopitisha hewa ya nyumba, hazisafishwi. Zipo nyumba zinazohitaji kazi hiyo, na wapo mafundi wanaoifanya vizuri. Ninachosema ni kwamba katika nyumba ya miaka 80 au 100, kusafisha ni kazi ya mwisho. Ikitangulia, yaweza kuleta madhara makubwa kuliko vumbi lililokuwa limetulia mahali pake.

Kwanza hakikisha kwamba nyumba yako ina dakti. Nyumba nyingi kuukuu za mashariki ya Marekani hupashwa joto kwa maji moto au mvuke unaozunguka ndani ya radieta, yale machuma mazito yaliyosimama chini ya madirisha. Kama hiyo ndiyo njia pekee ya joto, na hakuna mfumo wa kiyoyozi cha nyumba nzima, hakuna dakti za kusafisha, na anayekupigia simu hajui unaishi wapi. Ukiona wavu wa chuma sakafuni au chini ya ukuta na hewa moto ikipulizwa hapo, basi unazo. Shuka besimenti, ile sehemu ya nyumba iliyo chini ya ardhi, na tochi. Utaona tanuri, na juu yake njia za bati zikitawanyika chini ya dari. Baadhi hupeleka hewa moto vyumbani, nyingine huirudisha kwenye tanuri ikapashwe upya. Kuzitofautisha ni rahisi: feni ikiwa inazunguka, weka karatasi nyepesi juu ya wavu. Njia ya kupeleka huisukuma karatasi, njia ya kurudisha huinyonya na kuishikilia. Shika tofauti hiyo, kwa kuwa mengi ya matatizo nitakayoyataja yako upande wa kurudisha.

Sasa vumbi lenyewe. Shirika la serikali ya Marekani la kulinda mazingira, EPA, lilitoa mwongozo kwa wenye nyumba mwaka 1997, na maneno yake ni ya wazi: haijawahi kuthibitishwa kwamba kusafisha dakti huzuia maradhi, wala tafiti hazijaonyesha kwa uhakika kwamba dakti chafu huongeza chembe katika hewa ya nyumbani. Shirika la nyumba la serikali ya Kanada, CMHC, lilifikia maoni yanayofanana na hayo. Sehemu kubwa ya uchafu ulioingia ndani ya dakti hunata kwenye bati na kubaki hapo. Chembe zinazotufikia mapafuni hutoka zaidi jikoni, nje ya nyumba, kwenye mazulia, kwenye viatu na kwenye moshi wa sigara.

EPA inataja hali chache zinazostahili usafishaji: ukungu mwingi unaoonekana kwa macho ndani ya bati au kwenye sehemu nyingine za mashine, panya au wadudu waliofanya makao ndani ya dakti, au uchafu uliozidi hadi njia zikaziba na vumbi likaonekana likirushwa vyumbani kupitia matundu. Mimi naongeza hali moja inayowapata sana wakaaji wa nyumba kuukuu: ukarabati. Kuta zikikwanguliwa au plasta ikabomolewa huku feni ikizunguka, njia za kurudisha huvuta unga ule wote. Nyumba iliyojengwa kabla ya mwaka 1978, ambapo Marekani ilipiga marufuku rangi za majumbani zenye madini ya risasi, yaweza kuwa na risasi ndani ya unga huo. Risasi huharibu ubongo wa mtoto mdogo bila dalili ya haraka. Kwa hiyo kabla fundi wa rangi hajaanza kukwangua, zima mfumo na uzibe matundu yote kwa plastiki na tepu. Na kama una mtoto mdogo katika nyumba ya namna hiyo, mpeleke akapimwe damu. Jimbo la New York linataka kila mtoto apimwe risasi akiwa na mwaka 1 na tena akiwa na miaka 2, na kipimo hicho kitakueleza mengi kuliko msafishaji yeyote wa dakti.

Kuna jambo la hatari zaidi, nalo halionekani kirahisi. Mwanzoni mwa karne iliyopita nyumba za miji hii zilipashwa joto kwa matanuri makubwa ya makaa ya mawe yaliyokaa katikati ya besimenti, mikono yao minene ikipanda kila upande kuelekea vyumbani. Hayakuwa na feni; hewa moto ilipanda yenyewe kwa wepesi wake. Miaka ilivyopita mengi yaligeuzwa yatumie mafuta au gesi, au yakaondolewa na kuwekwa tanuri jipya, lakini mara nyingi dakti za zamani ziliachwa zitumike. Matanuri yale na viungo vya mabati yake vilifunikwa kwa asbesto. Siku hizi utaiona kama utepe mweupe au wa kijivu uliogandishwa kwenye maungio ya bati, kama karatasi yenye mikunjo iliyozungushwa kwenye bomba, au kama lipu nyeupe iliyopakwa juu ya tanuri la kale. Katika baadhi ya nyumba zilizojengwa juu ya zege, hasa za miaka ya 1950 na 1960, dakti zenyewe zilizozikwa sakafuni ni za saruji iliyochanganywa na asbesto.

Asbesto isiyochanika, iliyotulia, hairuki hewani. Ikitobolewa, ikikwanguliwa au ikitikiswa, nyuzi zake huruka, hazionekani, na husababisha saratani miaka mingi baadaye. Fikiria basi kijana aliyetumwa na kampuni ya dola 99, anayetoboa tundu katika shina la dakti na kuingiza ndani fimbo inayopiga bati kwa nguvu ya hewa, huku utepe wa mwaka 1925 ukipasuka nje ya bati hilo. Vumbi lililokuwa limekaa kimya limebadilishwa kwa sumu inayoelea katika nyumba nzima. Kwa sababu hiyo, ukiona utepe mweupe kwenye dakti kuukuu, usiuguse, usiukwangue kwa ukucha kujaribu, usiufagie. Mpate mtu mwenye leseni ya kuchunguza asbesto achukue kipande kipimwe maabara. Majibu yakiwa ndiyo, wanaopaswa kuiondoa au kuifunika ni wataalamu wa asbesto wenye leseni, na kazi yao hutangulia ya msafishaji. Msafishaji mwaminifu akiuona utepe huo atasimamisha kazi mwenyewe.

Tuseme utepe haupo, au umekwisha kushughulikiwa. Bado usimwite msafishaji. Tafuta kwanza uchafu unaingilia wapi.

Katika nyumba nyingi kuukuu, njia ya kurudisha hewa si bomba kamili. Wajenzi walichukua nafasi iliyo kati ya maboriti mawili ya sakafu, wakapigilia bati kwa chini, na nafasi iliyo kati ya nguzo mbili za ukuta ikawa sehemu ya njia hiyo. Mbao, plasta kuukuu na mashimo ya nyaya vyote vimo ndani yake, na bati halibani vizuri. Feni inapovuta, hewa ya vyumbani huja, lakini hewa ya besimenti pia hunyonywa kupitia kila ufa: unyevu, harufu ya ukungu, vumbi la sakafu, mvuke wa rangi na petroli uliyohifadhi pembeni. Mpango wa serikali wa Energy Star unakadiria kwamba katika nyumba ya kawaida asilimia 20 hadi 30 ya hewa inayopita katika dakti hupotea kwa sababu ya matundu na maungio mabaya. Njia ya namna hiyo ukiisafisha leo, baada ya miezi michache itakuwa imevuta uchafu uleule.

Kuzitafuta nyufa hizo hakuhitaji kifaa cha fundi. Washa feni, kisha chukua kijiti cha udi kinachofuka, ukipitishe polepole kando ya maungio ya njia ya kurudisha, mbali na chochote kinachoshika moto haraka. Palipo na ufa, moshi utavutwa ndani. Weka alama kwa chaki. Baadaye paka gundi nzito ya dakti, ile inayouzwa kwenye makopo na kupakwa kwa brashi, au tumia tepu ya aluminiamu yenye alama ya UL 181. Ile tepu ya kitambaa ya rangi ya fedha ambayo kila mtu anaijua usiitumie kwa kazi hii. Maabara ya Lawrence Berkeley huko California ilizijaribu njia mbalimbali za kuziba dakti katika miaka ya 1990, na tepu hiyo ndiyo iliyobanduka. Tahadhari ni ileile: palipo na utepe mweupe wa kale, usipake, usibandike, ngoja vipimo.

Kabla hujaziba lolote, weka kengele ya monoksidi ya kaboni katika kila ghorofa na karibu na vyumba vya kulala. Gesi hii haina harufu na huua watu usingizini. Njia ya kurudisha inayovuja karibu na tangi la gesi la kuchemshia maji yaweza kuvuta moshi wa tangi hilo badala ya kuuacha upande bombani, na tanuri lenye ufa kwenye chuma chake cha joto laweza kuchanganya moshi na hewa ya vyumbani. Fundi wa tanuri mwenye leseni aje alikague kila mwaka kabla ya baridi. Ukiwa na fedha za kazi moja tu mwaka huu, iwe hiyo, na dakti zingoje. Na ndugu zangu, usiku umeme ukikatika, msilete jiko la mkaa ndani, hata kwa dakika chache, hata dirisha likiwa wazi. Oveni ya gesi nayo si ya kupashia chumba joto.

Chujio ndilo linalofuata, nalo ni rahisi kupita vyote. Liko pale njia ya kurudisha inapoingia kwenye tanuri. Nimeona nyumba ambazo wakaaji wake hawakujua kwamba lipo. Livute, liangalie kwenye mwanga. Kwa chujio la kawaida la unene wa inchi 1, badilisha kila mwezi mmoja hadi mitatu, na mapema zaidi kama mnakaanga sana au mna paka. Mshale ulio kwenye fremu uelekee kwenye tanuri. Likae bila kuacha nafasi pembeni, maana hewa isiyochujwa hupitia hapo. Ubora hupimwa kwa namba ya MERV. MERV 8 hushika vumbi la kawaida. MERV 13 hushika sehemu kubwa ya chembe ndogo, na ndiyo inayoshauriwa wakati wa moshi kama ule uliotoka katika misitu ya Kanada na kulifunika jimbo la New York mwezi wa Juni 2023. Lakini chujio zito la unene wa inchi 1 laweza kuikaba feni ya tanuri kuukuu mpaka joto likose njia. Muulize fundi aliyekuja kukagua ni namba gani feni yako inaweza kuivumilia.

Halafu tuzungumze sisi kwa sisi kuhusu tunavyoishi. Tunakaanga sambusa na samaki, tunachoma ubani na udi kila Ijumaa na kila wageni wakija, na miezi ya baridi madirisha yote yamefungwa. Chembe za mafuta na moshi huo huvutwa kwenye njia ya kurudisha, hugandisha vumbi kwenye chujio na kwenye feni, na hufanya kuta zilizo juu ya matundu kuwa nyeusi. Sikwambii uache ubani. Nakwambia uwashe pale dirisha linapoweza kufunguliwa kidogo, usiweke chetezo karibu na wavu wa kurudisha hewa, na kama kuna mgonjwa wa pumu ndani, umwondoe chumbani kwanza. Ukikaanga, washa feni ya jikoni. Angalia kama bomba lake linatoka nje kweli, kwa sababu nyingi hurudisha moshi palepale jikoni kupitia kichujio chembamba. Na nguo mbichi zinazoanikwa besimenti wakati wa baridi huongeza unyevu unaolisha ukungu. Nunua kipima unyevu cha bei ndogo. Kikae kati ya asilimia 30 na 50.

Ukishafanya hayo na bado kuna mojawapo ya zile sababu za kweli, basi muite msafishaji, na usimlaumu kwa bei. Mwongozo wa EPA unataja dola 450 hadi 1,000 kwa mfumo mmoja, na siku hizi kazi kamili inaweza kuzidi hapo. Kazi hii haiwezekani kwa dola 99. Anayeitangaza bei hiyo atakusafishia matundu machache kwa mashine ya kufyonza ya kawaida, au atafika na kukuonyesha picha ya ukungu mweusi kwenye simu yake na kutaka dola 1,200 za dawa. Mwambie akuonyeshe ukungu huo mahali ulipo, ndani ya dakti yako. Kisha bandika kipande cha selotepu ya kuona ndani juu ya doa hilo, ukibandue, ukipeleke maabara. Zipo maabara zinazoweza kukwambia kwa gharama ndogo kama ni ukungu au ni vumbi lililofanana nao. Dakti zenye kitambaa cha faibaglasi ndani, zikilowa au kuota ukungu, hazisafishiki. Kitambaa hicho huondolewa na kuwekwa kingine.

Msafishaji halisi huanza kwa kukagua, tanuri likiwa limezimwa, na hukupa bei kwa maandishi kabla ya kufungua chochote. Chama cha kitaifa cha wasafishaji wa dakti cha Marekani, NADCA, kipo tangu 1989 na hutahini wataalamu wake, lakini EPA haimpi leseni msafishaji yeyote, kwa hiyo anayesema ana cheti cha EPA cha kusafisha dakti anadanganya. Mashine kubwa ya kufyonza huunganishwa kwenye shina la dakti, matundu mengine yote yakazibwa ili mvuto uwe mmoja. Ndipo brashi au mijeledi ya hewa huingizwa kutoka kila tundu, ikisukuma uchafu kuelekea kwenye mashine. Hewa inayotoka kwenye mashine hiyo lazima ipelekwe nje, au ipite kwenye chujio la HEPA, linaloshika chembe ndogo sana, kama mashine iko ndani. Feni, koili ya kiyoyozi na beseni la maji yanayodondoka chini yake husafishwa pia, kwa maana dakti safi zilizounganishwa na feni chafu ni kazi bure. Tundu lolote alilotoboa alifunge kwa bati na kuliziba. Kazi hii huchukua saa kadhaa. Ikimalizika ndani ya dakika 40, haikufanyika.

Dawa za kunyunyiza ndani ya dakti uzikatae mpaka uwe na sababu. Hakuna dawa ya kuua vijidudu iliyosajiliwa na EPA kwa ajili ya dakti za faibaglasi, na ozoni inayouzwa kama kiondoa harufu huchoma mapafu. Lipa kazi ikiisha, baada ya wewe mwenyewe kuingiza simu ndani ya matundu matatu au manne na kupiga picha.

Biashara ya kumtisha mtu kwa tanuri lake si mpya. Kampuni ya Holland Furnace ya Michigan, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilituma wachuuzi waliojitia wakaguzi, wakalifungua tanuri la mwenye nyumba, wakasema ni la hatari, na wakakataa kulirudisha kama lilivyokuwa. Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilitoa amri dhidi yake mwaka 1958. Kampuni iliendelea na mtindo huo, na rais wake wa zamani akahukumiwa kifungo cha miezi sita kwa kudharau amri ya mahakama, hukumu ambayo Mahakama ya Juu ya Marekani iliithibitisha mwaka 1966. Ninalitaja ili ujue kwamba mtu akikwambia familia yako itakufa usipolipa sasa hivi, una haki ya kumtoa nje na kumwita fundi wako mwenyewe. Na kama kweli kengele ya monoksidi inalia, hakuna mchuuzi anayehusika: tokeni nje wote na mpige simu 911.

Wengi wetu ni wapangaji. Usilipie usafishaji wa dakti za nyumba ya mtu. Mwandikie mwenye nyumba, kwa ujumbe wa simu au barua, ueleze ulichokiona na uambatanishe picha: kinyesi cha panya ndani ya tundu, utepe uliochanika, maji chini ya tanuri. Taja tarehe. Uweke nakala. Asipojibu, ofisi ya jiji inayokagua nyumba hupokea malalamiko ya mpangaji, na maandishi yako yatakuwa na uzito kuliko maneno.

Bomba moja lisafishwe bila kungoja ushauri wa mtu, nalo si la tanuri. Ni lile la mashine ya kukaushia nguo. Idara ya Zimamoto ya Marekani ilikadiria moto wa majumbani unaotokana na mashine hizi kuwa kama 2,900 kwa mwaka, na sababu kubwa ni kutozisafisha. Nguo zikianza kuchukua mizunguko miwili kukauka, pamba imeziba bomba. Chomoa waya wa umeme, na kama ni ya gesi funga valvu kabla ya kuivuta mbele. Ondoa bomba lililo nyuma, toa pamba yote kwa brashi ndefu, rudisha kila kitu mahali pake na uiwashe, kisha utoke nje uangalie kama kifuniko cha ukutani kinafunguka mashine inapozunguka. Kama bomba ni la plastiki au la karatasi ya fedha inayokunjika, weka la chuma kigumu.